Abiria wa Kilo Thelathini na Tisa

Fomu ya Mkaguzi ilikuwa na mistari arobaini na miwili, na kasoro ya kwanza ya gari lile haikuwa na mstari wake.

Ilitokea saa mbili na robo asubuhi, dakika tatu baada ya gari kuingizwa karakanani. Mkaguzi aliketi nyuma ya usukani, akabonyeza kitufe cha kuwashia, akasubiri. Hakuna kilichonguruma, wala hakutarajia kusikia mngurumo. Lilikuwa gari la mbio la haibridi, viti viwili tu, lenye injini ya petroli na mota ya umeme, na gari la namna hiyo huamka kimya, kwa nguvu ya betri. Taa za dashibodi ziliwaka zote, zikazimika moja baada ya nyingine kama inavyotakiwa, isipokuwa moja. Picha ndogo nyekundu ya mtu asiyefunga mkanda ilibaki inawaka, na kengele yake ikaanza kulia, ti, ti, ti. Ilikuwa kengele ya kiti cha abiria. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

Aliandika pembeni mwa fomu kwa penseli: "Kengele ya mkanda, abiria. Bila abiria." Kisha akaenda mstari wa kwanza, kwa kuwa kazi yake ilikuwa na utaratibu, na utaratibu haurukwi.

Mteja safari hii alikuwa mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, ambaye ukoo mzima ulimwita Chapuchapu. Alilitamani gari la aina hiyo tangu akiwa chuoni. Sasa alikuwa amelipata, jekundu, mkononi mwa mtu mwingine, na mbele ya mama yao alikuwa ametoa ahadi moja: dada akisaini fomu, ananunua, asiposaini, anaachana nalo. Jioni hiyo hiyo alikusudia kumleta mchumba wake nyumbani kwa mara ya kwanza, ndani ya gari hilo, kwenye kiti hicho cha abiria.

"Dada, bado tu?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Niko mstari wa tisa."

"Wa tisa! Unakagua gari au unasahihisha mitihani?"

"Ukitaka haraka, kanunue baiskeli."

Muuzaji, daktari wa meno aliyevaa shati lililonyooka kama karatasi, alisimama kivulini mbali kidogo na gari. "Gari halina tatizo lolote," alisema. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Alipoulizwa kwa nini limepita mikononi mwa wamiliki wanne katika miaka mitano, alisema gari halina tatizo lolote. Alipoombwa aketi kiti cha abiria ili springi za upande huo zipimwe zikiwa na mzigo, alisema mgongo unamsumbua, akarudi nyuma hatua mbili.

Kilichomuudhi Mkaguzi ni kwamba daktari alikuwa anasema kweli. Rangi ilikuwa na unene uleule kutoka boneti hadi buti. Gari halijawahi kugongwa. Chesisi ilinyooka. Breki zilikuwa na nusu ya maisha yake. Alipounganisha kompyuta ya kupimia, seli zote za betri kubwa zilisoma karibu sawa, jambo ambalo kwa haibridi ya umri ule ni nadra kama mtoto anayeomba kuoga. Kumbukumbu ya hitilafu ilikuwa tupu. Mstari baada ya mstari aliandika "safi", "safi", "safi", na kila alipoandika, kengele ilimjibu kutoka ndani: ti, ti, ti.

Saa nne kamili aliweka kalamu chini. Chini ya ngozi ya kiti cha abiria hukaa kihisio kinachopima uzito, ili gari lijue kama kuna mtu. Kihisio kikiharibika, kengele hulia ovyo. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa, na lilimpa nafuu hata kulifikiria. Alikisoma kwa kompyuta. Kilo thelathini na tisa.

Alichomoa waya wake, akausafisha, akaurudisha. Thelathini na tisa. Aliweka juu ya kiti dumu la maji la lita ishirini. Hamsini na tisa. Aliliondoa. Thelathini na tisa. Alikwenda stoo, akaleta kihisio kipya kilichokuwa bado ndani ya mfuko wake, akafungua kiti, akakibadilisha, akakaza bolti nne. Kazi hiyo ilimchukua dakika hamsini, na kiti kilikuwa kizito kuliko kinavyopaswa kuwa, hata akalazimika kukiinua kwa vipande. Alisoma tena.

Thelathini na tisa.

Alikaa juu ya kisanduku cha spana akiitazama namba ile kwa hasira ya mtu aliyedanganywa na asiyemwona mwongo. Kihisio kilichoharibika hubahatisha. Hiki kilijumlisha sawasawa hadi lita ya mwisho. Hakikuwa na kasoro. Kilikuwa kinasema ukweli.

"Sasa umefungua mpaka viti," Chapuchapu alisema, na safari hii hakutania. "Dada, gari zima ni safi, wewe mwenyewe umeandika. Unatafuta sababu tu. Tangu utoto hupendi nipate kitu kizuri."

"Nimekukagulia gari tangu asubuhi bila hata kunywa chai. Nenda ukakae."

"Gari halina tatizo lolote," daktari wa meno alisema kutoka kivulini, na kwa mara ya kwanza Mkaguzi alitamani kumpiga mtu kwa spana.

Ulibaki mstari wa arobaini na mbili: majaribio ya barabarani. Hapo mkaguzi husikiliza magurudumu na gia gari likienda kwa umeme peke yake, kwa sababu katika kimya kile hata chembe ya mchanga husikika. Kwa kengele inayolia, kazi hiyo haiwezekani. Kwa hiyo alifanya kama ambavyo kila fundi hufanya kengele hiyo inapomchosha: alivuta mkanda wa abiria, akaupitisha mbele ya kiti kitupu, akauchomeka. Klik. Kengele ikanyamaza.

Aliona jambo moja, akalihusisha na kiti alichokifungua na kukifunga. Mkanda ulihitaji urefu zaidi kuliko kiti kitupu kinavyohitaji. Haukulala kwenye mgongo wa kiti. Ulikaa mbali nao, umepinda taratibu kuelekea mbele, kama unavyopinda juu ya kifua.

Alitoka karakanani saa sita na dakika kumi, jua likiwa utosini. Alikuwa na desturi ya kutamka matokeo ili simu iyarekodi. Barabara ilikuwa wazi. Gari liliteleza kimya.

"Gurudumu la mbele kulia," alisema. "Safi."

"Safi," kilisema kitu kando yake, kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi anayefuata somo.

Alidhani ni mwangwi wa kioo. Alikanyaga mafuta, injini ya petroli ikaamka, mngurumo ukajaza chumba, akapumua. Lakini kila haibridi hurudi kwenye betri mwendo unapopungua, na mbele kulikuwa na taa nyekundu. Injini ilizimika. Ndani ya kimya kile aliisikia harufu kwanza, harufu ya nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye ndoo, kisha akasikia pumzi, fupi, zenye utulivu, zisizolingana na zake.

"Breki," alisema, kwa kuwa utaratibu ndio kitu pekee alichokuwa nacho.

"Safi," sauti ilisema kabla yake.

Taa ikawa kijani, naye hakuondoka, wa nyuma yake wakapiga honi, na wakati wakipiga honi ile sauti iliendelea peke yake, bila haraka, kwa mpangilio uleule aliokuwa ameufuata tangu saa mbili asubuhi, kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka juu kwenda chini, ila haikuwa tena inalikagua gari: macho, ilisema, safi, meno, moja limezibwa, bega la kushoto, safi, goti la kulia, lina kasoro, na ni kweli goti hilo lilikuwa na kasoro tangu mwaka ambao jeki iliteleza, jambo ambalo hakumwambia hata mama yake, mapafu, safi, moyo, na hapo ikanyamaza kama mtu anayeinama kusikiliza, na Mkaguzi akahisi upande wa kushoto wa kifua chake ukipoa polepole, kama palipowekwa kiganja kilichotoka majini, mpaka sauti ilipotosheka na kusema, karibu kabisa na sikio lake, moyo, safi.

Hakukumbuka jinsi alivyorudi. Alikumbuka tu kwamba aliendesha kwa gia ya chini njia nzima, ili injini isizimike.

Karakanani aliwasikilizisha rekodi. Sauti ilikuwemo.

"Ni redio," Chapuchapu alisema, lakini midomo yake ilikuwa imekauka.

Mkaguzi hakumtazama. Alimtazama daktari wa meno. "Nani alikaa kiti kile?"

"Mke wangu," daktari alisema chinichini. "Mara tatu. Mara ya tatu alishuka akiwa hawezi kuinua mkono. Mpaka leo hauinuki. Mwenye gari kabla yangu alikata waya wa kengele. Mimi nikaurudisha, nikidhani nitalitengeneza. Wakaguzi wawili wamelipitisha. Hakuna aliyepata kitu."

Alipompigia shangazi yake, Mkaguzi aliona aibu kama mtu anayekiri kosa la hesabu. Shangazi alikuwa mshonaji wa mapazia, na watu wazima wenye vyeo vyao humwita kimyakimya kwa mambo haya, kisha mchana hujifanya hawamjui. Alifika saa nane, nyuzi zikiwa bado zimeng'ang'ania gauni lake.

"Nimeacha madirisha ya watu wazi," alisema. "Yuko wapi?"

Alizunguka gari mara moja. Alifungua mlango wa abiria, akainama, akanong'ona maneno ambayo hawakuyasikia, akangoja kama anayejibiwa. Kisha akauona mkanda.

"Nani alimfunga huyu?"

"Mimi, shangazi. Kengele ilikuwa inanisumbua."

Shangazi alijinyoosha taratibu, mkono kiunoni. "Wote waliokutangulia walimkalia, au walimkatia waya. Wewe umemfunga mkanda wa usalama. Mwanangu, hakuna aliyewahi kumjali kiasi hicho."

"Anataka nini?"

"Gari halitaki. Gari ni mahali pa kungojea tu. Anatafuta wa kukaa naye, na huwa anachunguza kwanza." Alishusha sauti. "Nikimwamuru atoke, atatoka. Lakini lazima afunguliwe, na hawezi kujifungua. Atakayembonyezea kitufe ndiye atakayefuatwa hadi mlangoni. Baada ya hapo nitajaribu kumgeuza. Kujaribu tu, sikuahidi zaidi."

"Basi liachwe hivi hivi," Mkaguzi alisema. "Sisaini. Limekwisha."

"Halijakwisha," Chapuchapu alisema. Alikuwa ameshika funguo, na jasho lilimtiririka. "Mchumba wangu ananingoja. Nimekwishamwambia. Nitamfungua mimi, shangazi atamgeuza, basi."

"Wewe una akili kweli? Jioni unamweka nani pale?"

"Dada, umenichelewesha siku nzima kwa fomu yako. Niache nifanye jambo langu mwenyewe mara moja."

Alipita mbele yake. Alikuwa na haraka ileile iliyompa jina, haraka ya mtu aliyezoea kwamba wengine watakuja nyuma yake kuokota anachoangusha. Mkaguzi alimwona akiinama mlangoni, akauona mkono wake ukienda kwenye kitufe chekundu, na hasira yote ya siku hiyo, ya kengele, ya namba isiyobadilika, ya daktari na jibu lake moja, ikajikusanya mahali pamoja. Alimshika ukosi akamvuta hadi akakaa sakafuni. Kisha, kabla shangazi hajafungua kinywa, akabonyeza kitufe yeye mwenyewe.

Mkanda haukuruka kama inavyoruka mikanda yote. Ulirudi polepole, ukapanda, ukasita kidogo pale ambapo mtu huinua mkono kuupisha, ukapita. Ngozi ya kiti, iliyokuwa imebonyea, ilinyanyuka. Harufu ya nguo mbichi ilimpita usoni na kukaa nyuma yake. Shangazi alianza kusoma kwa sauti ya juu, akiwa amenyoosha mkono kuelekea mlango wa karakana, akasoma mpaka sauti ikakauka, akaanza upya, akasoma tena. Kwenye kompyuta namba ilishuka hadi sifuri, ikabaki sifuri.

"Ametoka garini," shangazi alisema hatimaye, akifuta uso kwa kanga. Hakumtazama Mkaguzi machoni.

Saa kumi kasoro robo Mkaguzi aliketi mezani. Alifuta kwa kifutio maneno ya penseli pembeni mwa fomu. Aliandika "safi" kwenye mstari wa arobaini na mbili, kwa sababu ilikuwa kweli, akasaini, akatia tarehe. Chapuchapu aliipokea fomu kwa mikono miwili.

"Nenda," dada yake alimwambia. "Usimcheleweshe mtoto wa watu."

Gari lilitoka kimya, likapotea kwenye kona.

Mkaguzi na shangazi walifunga karakana, wakatembea pamoja kuelekea nyumbani. Shangazi aliongelea mapazia, bei ya kitambaa, mteja asiyejua rangi anayoitaka. Njia ilikuwa nyembamba, lakini kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyesogea kuiziba. Walipofika barabara kubwa lori lilikuwa linakuja kwa kasi. Mkaguzi alikuwa amekwishasimama. Hata hivyo shangazi, bila kukatisha hadithi ya mapazia, alinyoosha mkono wake chini kidogo, usawa wa kifua cha mtoto, akaizuia ile nafasi mpaka lori likapita.