Kampeni Isiyokwisha

Mama alikuwa anakamua shuka bafuni binti yake aliposimama mlangoni, miguu peku, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, baba amecheza zamu yake."

"Baba yako tumemzika. Hebu shika upande huu."

Binti hakushika. Alikuwa fundi simu, mtu mzima, lakini tangu msiba alikuwa hajakanyaga kazini. Alishinda chumbani na ule mchezo wa vita ambao yeye na baba yake walikuwa wakiucheza kwa kupokezana kwenye kompyuta moja, himaya kwa himaya. Kampeni, kama walivyoiita vita hiyo ndefu, ilikuwa na ukomo: zamu zikiisha, mchezo unafunga na mshindi anatangazwa. Wapo wachezaji wasiopenda kukimbizwa hivyo, nao hutafuta namna ya kuuondoa ukomo. Baba alikuwa akiwacheka. Alipofariki ilikuwa imebaki zamu moja, na binti, asiyetaka iishe, akauondoa.

"Nimekwenda kunywa maji tu. Kurudi, jeshi lake limesogea."

Mama alijifuta mikono kwenye gauni, akaenda kuona. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Kiti cha marehemu kilikuwa cha moto, kama kimeachwa sasa hivi na mtu mwenye homa. Alisukuma dirisha, halikufunguka.

"Linagoma tangu juzi," binti alinong'ona. "Na mlango nao umeanza."

"Na wewe umekaa humu tu?"

"Nikicheza naye silii, mama."

Hilo lilimchoma. Yeye mwenyewe bado alikuwa akilala pembeni mwa kitanda, hajathubutu kuvuka katikati.

Akainamia kioo cha kompyuta. Kipanya kilikuwa kinasogea chenyewe mezani, taratibu, bila pupa, kikiweka jiwe juu ya jiwe, ukuta ukiuzunguka mji wa binti pande zote, na kila pembe ya ukuta ilipozibwa, mlango nyuma yao ulilia kwenye bawaba na kujisogeza kidogo, hewa ikazidi kuwa nzito, na kile kiti kitupu kikatoa mlio wa mtu mnene anayejiweka sawa.

"Huyu si baba yako."

"Ni yeye, mama."

"Nimempelekea chai kwenye kiti hicho miaka yote ya ndoa. Amewahi kujenga ukuta, yule? Alikuwa anavamia kabla chai haijapoa, anachapwa, anacheka peke yake kama mwehu. Huyu hana haraka hata kidogo. Rudisha ukomo."

"Itaisha."

"Ndiyo. Iishe."

Binti aliurudisha huku machozi yakimdondokea vidoleni. Zamu moja ikabaki. "Kubonyeza siwezi," alisema.

Mama akakishika kipanya. Kilikuwa kinachoma. Pumzi ikamgusa shingoni, na sauti ya mumewe, ile ile, ikamwita kwa jina ambalo halijawahi kutoka nje ya chumba chao cha kulala, ikamwomba asimwache peke yake gizani. Alikawia. Alikawia kuliko ilivyompasa.

Kisha akabonyeza.

Kioo kikatangaza mshindi, hakuna aliyesoma. Dirisha lilifunguka kwa wepesi, na harufu ikatoka.

Jioni alipakua chakula.

"Mimi," alisema, akiweka sahani moja mezani. "Wewe." Akaweka ya pili. Akasikiliza kidogo. Hapakuwa na kitu kingine kinachopumua.

"Basi, tupo wote. Kula, kinapoa."