Ukano wa Goti la Joram

Kila asubuhi, pale Kaloleni, Aoko aliwasha jiko, akapika uji, kisha akampa mumewe bega la kuegemea mpaka choo cha nje. Joram alikuwa mwashi, mtu wa kupanda ngazi na karai la saruji begani. Sasa alitembea akishika ukuta. Ulikuwa mwezi wa tano tangu aumie akicheza mpira huko Mamboleo, siku ya Krismasi ya mwaka 1995.

Uvimbe ulikuwa umekwisha. Lakini akigeuka ghafla, goti lilimwacha akaanguka. Juzi alianguka na sufuria ya uji.

Daktari wa mifupa aliyekuja hospitali ya misheni mara moja kwa mwezi alisema kamba moja ya ndani ya goti imekatika, na haitajiunga yenyewe. "Tutaweka nyingine mahali pake," alisema. "Tunaweza kutumia ukano wako mwenyewe, ile kamba ngumu inayoshikanisha msuli na mfupa. Au tuagize ng'ambo ukano wa mtu aliyefariki. Fikirieni, mnipe jibu nikirudi."

Fikirieni. Neno hilo ndilo lililomletea Aoko balaa. Ukoo ulikuja Jumamosi kufikiri, ukala samaki, ukaenda. Jumamosi ya pili ukarudi kufikiri tena. Samaki wakaisha, jibu likakosekana.

Jumamosi ya tatu, siku tatu kabla ya daktari kurudi, mama mkwe wake, Mama Beldina, ndiye aliyeanza.

"Mtoto wangu hatakatwa mara mbili. Mguu mmoja umeharibika, sasa mnataka kuharibu na ule mzuri?"

"Basi atumie wa maiti," alisema Obiero, kaka yake Joram. "Hayo ndiyo mambo ya kisasa."

"Maiti wa nani? Wa ukoo gani? Matanga yake tulikaa? Mtu ambaye hatukumlilia, aingie vipi kwenye mguu wa mwanangu?"

"Basi nitatoa wangu. Mimi ni ndugu yake."

"Wewe hata jembe halijakuona mwaka huu. Huo mguu wako utamsaidia na nini?"

Aoko alikaa mlangoni na kichwa kikimgonga. Walikuwa wakimgawana Joram kama ng'ombe wa sherehe, na mwenyewe yuko pale pale amekaa kwenye stuli. Alichoka kabisa. Aliinuka bila kuaga, akaenda kumgongea jirani yake Nakhungu, ambaye alifanya kazi hospitalini, akiwaongoza wagonjwa katika mazoezi ya viungo.

"Njoo uongee na hawa watu," alimwambia. "Mimi nitasema maneno mabaya."

Nakhungu alikuja, akawasalimu wote kwa heshima. Kisha akamgeukia Joram.

"Baba Dorca, una miaka mingapi? Na unataka goti hili likufanyie nini?"

Wiki tatu, hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Thelathini na mmoja," alisema Joram. "Nataka kurudi kwenye ngazi. Nikianguka kutoka huko juu, nani atalisha hawa watoto?"

"Basi nitawaambia tunayoyaona," alisema Nakhungu. "Kijana wa kazi ngumu, mara nyingi ukano wake mwenyewe humfaa zaidi. Hushikana na mfupa mapema, na ni nadra zaidi kukatika tena. Ubaya wake ni kidonda cha pili. Nyuma ya paja, unakotolewa, patauma, na patakosa nguvu kwa muda."

"Paja la mguu ule mzuri," alisema Mama Beldina.

"Hapana, Mama. Kwa kawaida huchukuliwa kwenye mguu ule ule ulioumia."

"Na wa marehemu?" Obiero aliuliza.

"Una kazi yake. Kidonda ni kimoja, maumivu ni kidogo. Huwafaa zaidi watu wa umri mkubwa, au mtu anayerudia upasuaji. Si wa wizi, Mama, mwenyewe au watu wake walikubali utolewe. Hupimwa magonjwa, ingawa hatari kidogo hubaki. Lakini huchelewa kushikana, na kwa vijana hukatika mara nyingi zaidi. Na wewe Bwana Obiero, baki na wako. Kwa nini tukate watu wawili wakati Joram anao? Tena Jumanne mwulizeni daktari haya yote. Msiogope kumwuliza."

"Nachukua wangu," alisema Joram.

"Mngesema mapema ni mguu ule ule," alinung'unika Mama Beldina.

Aoko hakujua acheke au alie. Swali moja kwa Joram lingetosha tangu Jumamosi ya kwanza, na hata yeye hakuliuliza.

Joram alipasuliwa salama. Kila siku alikunja goti na kulinyoosha kama Nakhungu alivyomwonyesha, huku jasho likimtoka. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji maumivu yaliisha. Aoko akamkuta amepanda juu ya meza akigongelea bati.

"Shuka," alisema. "Nakhungu alikuambia nini?"

"Haliumi tena."

"Alisema kutouma si kupona. Ukano bado haujapata nguvu. Ukoo wako ulinisumbua mwezi mzima, na wewe unataka kunisumbua mwaka?"

Joram alishuka. Aliendelea na mazoezi mpaka mwezi wa kumi tangu apasuliwe, daktari alipolipima goti na kumruhusu kurudi kazini.

Siku ya kwanza, kwenye ukuta wa duka moja mtaani Manyatta, Aoko alisimama chini akimwangalia. Joram alipanda na karai begani. Juu kabisa aligeuka ghafla kuweka saruji. Goti lilishika.

Kando ya Aoko, Obiero alikuwa akiwaeleza vibarua.

"Mimi ndiye niliyemshauri atumie wake mwenyewe. Hawa wengine walikuwa wanaogopa."

Aoko alimwacha ajisifu. Juu ya ngazi, Joram alikuwa akiita aletewe jiwe jingine.