Alivyokufa Mjomba Semboja Kule Hale

Mjomba wangu Semboja hakuwahi kuwa nyota. Alianza na maigizo ya jukwaani Handeni, akaingia kwenye filamu, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yake ilikuwa moja: kupigwa na kufa ili nyota aonekane. Alikufa mwizi, alikufa mlinzi, alikufa baba mkwe. Sokoni Korogwe watu walimtania, "Shikamoo mzee, leo umefufuka?" Naye alicheka.

Siku ile tulikunywa chai na mihogo, tukaenda Hale. Mimi nilishughulikia mavazi. Tulikuwa tunapiga picha kwenye nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la mkonge, iliyohamwa kitambo. Mjomba alicheza mkata mkonge. Valerian, nyota wetu, alikuwa mnyapara anayemchapa mpaka afe. Kiboko nilikisokota mwenyewe kwa matambara. Kisingeua hata nzi.

Mjomba alisita barazani. "Mwanangu," alimwambia Faudhia, mwongozaji wetu, "hapa wakata mkonge walichapwa wakafa kweli. Tuombe dua kwanza."

"Tutaomba tukimaliza, mzee. Jua linapanda."

Wakaanza.

Pigo la kwanza, mjomba akalia. Faudhia akatabasamu. La pili, shati likachanika. Lililofuata, damu ikanirukia usoni. Ilikuwa ya moto.

"Kata! Valerian, acha!"

Valerian hakuacha. Alipiga huku analia. "Siyo mimi! Mkono siyo wangu! Nishikeni!"

Denis, mpiga picha, akamrukia. Mkono ule ukamtupa ukutani. Nikasikia bega lake likivunjika. Matambara yangu yalikuwa yanachimba nyama. Nikaona mfupa.

Mjomba akainua macho, akanitazama. Kisha akafanya alichokijua maisha yake yote. Akakoroma. Akalegea. Akafa.

Macho aliyaacha wazi. Nzi akatua juu ya jicho. Halikupepesa.

Kiboko kikaganda hewani.

Ndani ya nyumba, ambamo hamkuwa na mtu, buti zikaanza kutembea. Taratibu. Zikatoka barazani. Hatukuona kitu. Tulisikia harufu ya tumbaku tu. Vumbi kando ya mjomba likabonyea, kama mtu amechuchumaa.

Halafu shingo yake ikabonyea. Mahali pawili. Kama daktari anapotafuta mapigo.

Nilijing'ata mkono nisipige kelele. Mjomba hakupumua.

"Huyu basi, amekwisha," sauti ikanong'ona.

Buti zikarudi ndani. Valerian akaanguka kama gunia.

Filamu ile haikumalizika. Mjomba alilazwa muda mrefu, na mgongo wake ulipona ukiwa umepinda. Mkono wa Valerian unaning'inia mpaka leo. Kikombe cha chai hawezi kukiinua. Faudhia alikuja nyumbani kuomba radhi, akamwomba mjomba arudi kazini.

"Hapana, mwanangu," mjomba akamjibu polepole. "Nilishakufa vizuri. Sitaweza tena vile."

Siku hizi mimi ndiye ninayemnyoa ndevu kila Ijumaa. Shingoni ana alama mbili za vidole, nyeupe kama majivu. Wembe ukipita pale huwa wa baridi. Mguse shingo kwingine kokote, utasikia mshipa unadunda.

Mguse pale.

Kimya.