Wekundu wa Mkomafi

Kila asubuhi, akisharudi chuoni kusoma Kurani, Kidawa alikuwa na kazi moja kabla ya kwenda kisimani: kumpangia baba yake miti. Baba yake, Fundi Shamte, alikuwa akikaa kwenye baraza ya nyumba yao, miguu ameikunja, mkeka wote umejaa maranda.

"Nipe cheupe," husema. Kidawa humpa kipande cha mndimu.

"Nipe cha manjano." Humpa cha mfenesi.

Miaka ile Wadachi walikuwa bado na boma lao kisiwani Chole, na mji ulikuwa na watu wengi. Karibu kila nyumba ilikuwa na kitu alichokitengeneza Fundi Shamte, ama kijaluba cha wanja, ama chanuo, ama mitalawanda, viatu vya mti vya kuendea kisimani. Kazi yake ilijulikana kwa jambo moja. Hakupaka rangi hata siku moja. Akitaka ua jekundu juu ya kijaluba, alitafuta mti wenye wekundu wake wa kuzaliwa, akaukata vipande vidogo, akavipachika kwenye ubao. Kazi hiyo huitwa kutia njumu.

Lakini sasa jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa, na la kulia limeingia ukungu. Mtu akisimama mbele yake, aliona kivuli tu. Vidole vyake bado vilijua kukata, kuchimba na kuunga. Rangi ndiyo ambayo vidole havikuweza kuijua. Kwa hiyo kazi ya kuchagua rangi ilikuwa ya Kidawa, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Jumamosi moja alikuja Bibi Hafidha, mama wa makamo mwenye mashamba ya minazi, watu wa kwao wametoka Arabuni zamani.

"Shikamoo, bibi," Kidawa aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Fundi Shamte, nataka marufaa." Marufaa ni kibao kinachokunjuka, cha kuwekea msahafu wakati wa kusoma. "Mjukuu wangu Sleyum anahitimu. Ijumaa ya pili kuanzia leo, baada ya sala, tunafanya khitma nyumbani. Atasoma msahafu wa babu yangu, ulioandikwa kwa mkono."

"Unataka njumu, Bibi Hafidha?"

"Nataka. Nyeupe, nyekundu na nyeusi juu ya manjano. Ila nakuomba, rangi ya kupaka sitaki. Marufaa tuliyokuwa nayo kwanza ilipakwa nyekundu. Ikaingia mvua dirishani, rangi ikachuruzika, na mpaka leo kurasa mbili za msahafu wetu zina madoa. Mama yangu alilia siku hiyo."

"Mimi sipaki," alisema Fundi Shamte.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mfenesi ulikuwapo, na mndimu ulikuwapo. Nyekundu na nyeusi zilikuwa zimekwisha. Jumatatu Kidawa alivuka kwenda kisiwa cha Juani kwa mtumbwi pamoja na shangazi yake Mwanamkuu, aliyekuwa akienda kukata ukindu wa kusukia mikeka. Baba alikuwa amemwagiza: "Nenda mikokoni, utafute mkomafi. Utaujua kwa matunda yake, makubwa kupita danzi. Usikate mti mchanga. Tafuta mzee, na ukipata uliokwisha kufa ni bora zaidi. Nyeusi utaipata kwenye kiini cha mkwaju wa siku nyingi."

Tope la mikokoni lilimfika Kidawa magotini. Mbu walimuuma shingoni. Mti wa kwanza aliouona wenye matunda makubwa ulikuwa mwembamba, umesimama karibu, nao akaukata huo huo. Ndani ulikuwa mweupe wenye uwekundu kidogo sana, kama maji yaliyosuuziwa nyama. Akakata tawi la mwingine, mambo yakawa yale yale. Kiganja kilitoka lengelenge, lengelenge likapasuka. Mkwaju hakuutafuta kabisa. Shangazi alipomwita kuwa maji yanakupwa na mtumbwi utakwama, alishukuru moyoni, akarudi na kikapu kitupu.

"Umepata?" baba aliuliza.

Kidawa alitazama kikapu. Angeweza kusema sikupata, na kesho angerudi kwenye tope lile. "Nimepata, baba," alisema. "Nimeviacha kwa shangazi vikauke."

Nyuma ya nyumba ya Shangazi Mwanamkuu kulikuwa na vyungu viwili vya kutilia ukindu rangi. Kimoja kilikuwa na magome ya mkoko, maji yake mekundu kama damu ya samaki. Cha pili kilikuwa na mizizi ya mdaa, maji yake meusi. Kesho yake, shangazi alipokwenda shamba, Kidawa alichukua vijiti vya mndimu mweupe, akavitumbukiza humo na kuvichemsha tangu asubuhi mpaka alasiri. Vilipotoka vilikuwa vizuri kuvitazama, wekundu wake umekolea kuliko mkomafi wowote aliowahi kuuona.

Fundi Shamte alianza kazi Alhamisi. Alipokata kipande cha kwanza chekundu alisita.

"Mti huu unakatika kama mndimu."

"Ni mkomafi, baba."

Akakileta puani. "Mbona unanuka chungu cha ukindu?"

"Niliuweka kwa shangazi," alisema Kidawa. Sauti yake ilitoka ndogo.

Baba akashika patasi akaendelea. Kila alipokwangua njumu zilingane na ubao, weupe ulichungulia kwenye kingo. Alipoingia ndani kutawadha, Kidawa alichovya unyoya wa kuku kwenye kikopo cha rangi aliyoichota vyunguni kwa shangazi, akaziba ule weupe. Alifanya hivyo siku nne, na kila siku alikuwa akiomba baba achelewe kurudi barazani.

Jumatano asubuhi marufaa ilikuwa tayari, na Kidawa akaipeleka. Bibi Hafidha aliigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango.

"Mashaallah! Mwambie baba yako Mungu ampe uzima wa mikono, na Ijumaa aje akae mbele kwenye khitma."

Njiani kurudi, Kidawa aliona kiganja chake. Joto lilikuwa kali na mkono ulikuwa umetoka jasho. Katikati ya kiganja palikuwa na alama nne nyekundu, zimepangana sawasawa kama njumu zilivyopangwa. Alizisugua kwa mchanga, hazikutoka zote.

Alifika nyumbani, akatoa salamu za Bibi Hafidha, akakaa. Baba alikuwa na furaha siku hiyo, jambo ambalo halikuwa la kila siku tangu ukungu ulipomwingia jichoni.

"Bibi Hafidha amenialika nikae mbele kwenye khitma," alisema. "Kidawa, nieleze ile nyekundu. Nimeishika, sikuiona. Imekaa vipi pembeni ya mfenesi?"

Kidawa alitazama kiganja chake. Machozi yakamtoka.

"Una nini?"

"Si mkomafi, baba. Ni mndimu. Niliuchemsha kwenye vyungu vya shangazi, wekundu na weusi wote. Unatoka. Umenitoka mkononi."

Fundi Shamte aliweka chini kipande alichokuwa akikisugua. Hakupaza sauti, na Kidawa aliona afadhali angepaza.

"Patasi iliniambia," alisema. "Pua nayo iliniambia. Wewe ukaniambia sivyo. Nikaamua kukuamini wewe."

Aliinuka, akapapasa ukutani akatwaa kofia yake. "Nishike mkono. Twende."

"Tukaseme nini, baba?"

"Wewe ndiye utakayesema. Upesi, kabla msahafu haujawekwa juu yake."

Walimkuta Bibi Hafidha barazani akipepeta mchele wa shughuli. Marufaa ilikuwa juu ya meza ndogo, chini yake ametandika kitambaa cheupe. Kidawa aliamkia, akavuta pumzi, akasema yote bila kuficha: kuhusu mikoko, vyungu, unyoya wa kuku. Bibi Hafidha aliacha ungo. Aliiinua marufaa, na kwenye kitambaa palikuwa na mstari mwekundu.

"Nilikueleza habari ya mama yangu," alisema. Alikuwa akimtazama Fundi Shamte. "Nilikufungulia moyo wangu, fundi."

"Kazi imetoka nyumbani kwangu," alijibu Fundi Shamte. "Lawama ni yangu."

"Hapana," alisema Kidawa. "Baba haoni, bibi. Mimi niliona."

Bibi Hafidha alikunja kile kitambaa mara mbili, tatu.

"Khitma ni keshokutwa baada ya sala," alisema mwisho. "Kama marufaa haijawa tayari, Sleyum atasoma msahafu ukiwa juu ya mto. Chukueni."

Alhamisi, jua halijapanda, mtumbwi wa Shangazi Mwanamkuu uliwashusha Juani watu wawili. Fundi Shamte alikuwa hajaingia mikokoni mwaka wa tatu sasa. Alimshika Kidawa begani, wakaenda polepole, yeye akianguka katika tope na kuinuka bila kulalamika.

"Usitazame majani," alimwambia. "Mti mchanga ni mweupe wote. Rangi huja na miaka, tena hukaa katikati, kwenye kiini. Nitafutie gogo lililoanguka. Mchwa na kaa hula ule weupe wa nje, kiini wanakiacha. Lile utakaloliona limeoza, hilo ndilo uniwekee mkono juu yake."

Walipita miti mingi mizuri iliyosimama. Kidawa aliiacha. Mbele zaidi, kwenye kijito, aliona kisiki cha mti uliokatwa zamani na wakata boriti, kimefunikwa na chaza na uchafu. Alikwangua kwa panga. Ganda lilibomoka kama mkate mkavu, na chini yake panga likagonga kitu kigumu.

"Tia mate," alisema baba.

Alitia mate kidole, akapaka. Mahali pale pakageuka wekundu wa kahawia, kama tofali lililonyeshewa.

"Si nyekundu sana, baba," alisema Kidawa. Safari hii alisema alichokiona. "Kuna mistari myeusi kidogo ndani yake. Ya vyungu ilikuwa kali zaidi."

"Huo ndio," alisema Fundi Shamte, na kwa mara ya kwanza tangu jana alicheka. "Kata."

Alikata kwa zamu na baba yake, lengelenge la zamani likafunguka tena, wakapata kipande cha urefu wa mkono.

Ilibaki nyeusi. Walipanda kutoka mikokoni mpaka shamba la mzee mmoja, Hemedi, wakaomba maji ya kunywa. Fundi Shamte alipokuwa akinywa, Kidawa alizungusha macho uani. Mikwaju iliyosimama aliiona, nayo ilikuwa michanga. Kando ya banda la kuku palikuwa na gogo fupi la kijivu limelala, kuku wamelikalia. Ubavuni lilikuwa na mikato mingi ya shoka. Aliinama kwenye mkato mmoja uliokwenda ndani, akatia mate.

"Babu Hemedi, gogo hili ni la mti gani?"

"Mkwaju. Ulianguka marehemu baba yangu akiwa hai. Limenivunjia mpini wa shoka mara mbili, nikaliachia kuku."

"Baba, kiini ni cheusi. Cheusi kama zambarau iliyoiva mno."

Fundi Shamte alikuja, akapapasa, akagonga kwa kucha. "Mzee Hemedi, tupe kipande cha kiganja kimoja, nami nitakutengenezea mpini usiovunjika."

"Chukueni lote, mradi mnajua kulipasua!"

Walilipasua kwa kabari mpaka adhuhuri. Alasiri walikuwa Chole barazani kwao. Fundi Shamte alichimba vipande vya rangi kimoja kimoja kwa ncha ya patasi, na Kidawa alikata vipya, akivipima kwenye kila tundu. Kazi ilikuwa ngumu kuliko ya mwanzo, kwani mkwaju ulikuwa mgumu kama pembe. Alipoharibu kimoja alisema, "Hiki nimekiharibu, baba," akakata kingine. Waliacha jua lilipozama, wakaanza tena baada ya sala ya alfajiri, wakamaliza kwa kusugua kwa majani ya msasa na mafuta ya nazi.

Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, Bibi Hafidha alichukua kitambaa kipya cheupe. Alikichovya majini, akakikamua kidogo, akasugua njumu zote, nyekundu na nyeusi, kwa nguvu. Bibi Hafidha alikunjua kitambaa, akakiangalia, akakigeuza. Kilikuwa kimelowa tu.

"Nyekundu hii haing'ai kama ile," alisema.

"Haing'ai, bibi," Kidawa alijibu. "Ndivyo mti wenyewe ulivyo."

Bibi Hafidha aliutoa msahafu katika mfuko wake wa hariri, akaubusu, akauweka juu ya marufaa. Baada ya sala, Sleyum alisoma mpaka mwisho bila kukosea, na Fundi Shamte alikaa mstari wa mbele.

Watu walipokuwa wakila, Bibi Hafidha alimwita Kidawa pembeni.

"Sikiliza, mwanangu. Ile ya kwanza ilinipendeza machoni, na ingeniharibia msahafu. Ungenyamaza siku mbili tu, mimi ningejua habari hiyo kwenye kurasa. Kosa lako lilikuwa kubwa, usijidanganye. Lakini ulikuja mwenyewe ukasema, na kesho yake ukaingia topeni ukatafuta kile ulichokuwa umekikimbia. Kazi ya kweli huchosha mwili, basi. Kazi ya uongo ulikuwa ukiilinda kila siku kwa unyoya wa kuku, na mwisho imekushinda. Na baba yako hana macho mengine. Ukimwambia neno, yeye analikanyaga kama mtu anavyokanyaga ardhi. Mwambie lililo kweli, hata kama ni kwamba umechoka."

"Nimesikia, bibi."

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa magharibi walipotoka. Njia ilikuwa imechimbwachimbwa na maji ya mvua. Fundi Shamte aliweka mkono begani kwa binti yake.

"Kuna shimo mbele, baba," alisema Kidawa. "Pita kulia. Hatua moja ndefu."

Fundi Shamte hakupapasa kwanza kwa mguu. Aliinua mguu, akapiga hatua moja ndefu kulia, wakaendelea.