Anayebandua Utando

Katika maabara moja ya leza jijini Vilnius, saa nane mchana, kipande cha akriliki kilitoka mashinani kingo zake nyeusi. Jambo dogo, ila halikupaswa kutokea. Leza yao hupiga na kuondoka kabla plastiki haijapata hata joto, na akriliki hukatika safi.

"Kinanuka klorini," Mantvydas alisema. "Kama ile plastiki ya mabomba."

Bi Danguolė, mkuu wake, alinusa, akakitupa kipande pipani haraka.

Mwaka uliotangulia, kwa haraka zake za kuwahi chakula, yeye mwenyewe alibandua utando wa juu ulioandikwa jina la plastiki, jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki moja halifanyi kabla kipande hakijafungwa mashinani. Bila utando, akriliki na plastiki ya mabomba iliyo angavu ni pacha. Akaikata ya mabomba, na mvuke wake wa asidi ukala lenzi zote. Alipoulizwa, maneno yakamponyoka: "Ni Zenonas." Fundi yule mzee akaondolewa kwenye mashine, akawekwa mlangoni kupokea makoti ya watu, wenzake wakimcheka. Hakujitetea. Majira ya joto yaliyofuata akafa.

Kesho yake, baada ya kipande kile cheusi, ilianza sauti. Chraaa. Utando unabanduliwa taratibu katika chumba kisicho na mtu. Siku ya tatu ilisikika nyuma ya kiti cha Danguolė, na siku ya nne, akiwa amejifungia peke yake, jicho kwenye hadubini, ikaanzia begani kwake ikashuka polepole mgongoni, kwa utulivu wa fundi anayeijua kazi yake, huku klorini ikimwasha kooni na pumzi ya mtu mwingine ikimpapasa sikio, naye asithubutu kugeuka kwa sababu alijua fika ni nani na anadai nini.

Mantvydas akamleta shangazi yake, Elvyra, mjuzi wa mizimu, na majani makavu ya mreteni, ambayo moshi wake hufukuza mizimu. Walizima kwanza king'ora cha moshi, maana zimamoto wa Vilnius hawaelewi habari za mizimu. Elvyra akafukiza pembe zote, kisha akasimama.

"Huyu hafukuziki," alisema. "Amesingiziwa. Nani kamsingizia?"

"Mimi, mama," Danguolė alimnong'oneza, wengine wasisikie.

"Unaniambia mimi wa nini, mwanangu? Waambie waliomcheka."

Wenzake sita walikuwa mlangoni. Danguolė akapiga hatua kurudi nyuma. Chraaa, sasa shingoni.

"Utando niliubandua mimi," alisema. "Zenonas nilimsingizia."

Sauti ikakatika. Harufu nayo ikaisha hapo hapo. Hakuna aliyemtukana, na afadhali wangemtukana. Mantvydas alikaa kitini akaficha uso.

"Kila asubuhi alikuwa ananipokea koti na kunisalimia," alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka mzima, Bi Danguolė. Sikumwitikia hata siku moja."