Gari Lilale Ndani, Ndugu Alale Nje

Jirani zangu wa mtaa wa mlimani, nyinyi mnaofunika injini kwa blanketi nene kuliko mnavyowafunika watoto wenu, kaeni mnisikilize. Mimi Tsermaa sina elimu ya kuhubiri. Lakini ua wangu umepakana na wa Bi Dulmaa, ubao kwa ubao, na niliyoyaona pale sitaki myaone kwenu.

Asubuhi za vuli kwa Bi Dulmaa zilikuwa tulivu. Mwanawe wa mwisho, Sodnom, alitoa lori lake dogo bandani likiwa limejaa makaa ya mawe ya wateja, na mama akasimama na upawa wa maziwa, akiyarusha nyuma ya magurudumu ili safari iwe ya heri. Yaliyobaki alinirushia mimi juu ya ua.

"Na wewe Tsermaa ulainike, umekauka kama jibini la juani!"

Tulicheka, lori likateremka mlima, na mtaa mzima ukajua kwamba jioni jiko litawaka.

Banda lile la gari alilijenga marehemu baba yao kwa matofali, na ndani akaweka jiko la makaa. Kwetu hiyo si anasa. Baridi ya jiji letu la Ulaanbaatar ikikaza, oili huganda kama mafuta ya kondoo, na lori kuukuu lililolala nje haliwaki hata uliimbie. Baba alipofariki, banda likawa la Sodnom bila mjadala, kwa sababu kwetu kitinda mimba ndiye anayerithi moto wa baba. Wakubwa huondoka na mifugo yao, mdogo hubaki na jiko na mama.

Kisha Damdin, mkubwa wake, akarudi kutoka migodi ya kusini. Alikuja na gari kubwa jeusi linalong'aa hadi unajiona meno. Nasi tulivyo, tulilizunguka tukilipapasa kama farasi aliyeshinda mashindano. Hakuna aliyemuuliza kama ana afya. Tulimuuliza linakula mafuta kiasi gani. Kichwa kikamvimba palepale.

"Sodnom, toa kopo lako bandani," alisema jioni ileile, chakula kikiwa mezani. "Gari langu halilali nje."

"Kaka, lako ni jipya, linawaka popote. Langu likiganda, wateja wataota nini?"

"Wajifunike blanketi. Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Moto wa baba ni wangu, kaka. Unajua."

"Moto ni wa ndani ya nyumba! Lile ni banda la vyuma. Nani kakwambia vyuma vina kitinda mimba?"

"Kuna jiko mle. Baba aliliwasha kwa mkono wake."

Damdin aliinuka. Alimshika mdogo wake kisogoni akambamiza uso kwenye sinia la buuz, vidonge vyetu vya unga vilivyojazwa nyama, zilizokuwa bado zinatoa mvuke. Damu ya pua ikaenea juu ya nyama. Bi Dulmaa alisimama katikati yao, akasema neno ambalo hadi leo linamla roho.

"Mpishe kaka yako, mwanangu. Ni kwa majira haya tu."

Sodnom akapisha.

Mnaijua kazi ya lori linalolala nje. Jioni unamwaga maji ya rejeta yasije yakaganda na kupasua injini. Alfajiri unachemsha mengine, unasukuma karai la makaa mekundu chini ya injini, unaomba Mungu. Mara nyingi Sodnom aliomba bure. Wateja wakakaa bila makaa. Mzee Gombo wa bondeni alichoma kabati lake la nguo, akaanza kuchoma viatu. Na mle bandani, kwenye joto, gari jeusi lilikaa likipanguswa kwa kitambaa, likitoka mara mojamoja kwenda kununua sigara.

Kila Sodnom alipofungua mdomo, alipigwa. Alipigwa kwa mkanda, akapigwa kwa spana iliyomvunja jino. Siku moja alipigwa barabarani, mbele ya wateja wake, na mmoja wao akasema eti ndugu wakigombana watu wakae pembeni. Upuuzi mtupu.

Basi, jioni moja jua likizama, Bi Dulmaa akiwa ameenda kumuuguza dada yake, Damdin alitoka na gari lake kwenda kunywa. Sodnom akaona imetosha. Aliingiza lori bandani, akawasha jiko la baba yake. Nilimwona kwenye upenyo wa ua akijiotea mikono, anatabasamu na pengo lake.

Damdin alirudi ananuka vodka. Alifunga geti kwa komeo kama kawaida yake, akafungulia mbwa, kisha akaona lori. Alichukua beleshi la makaa.

"Nani kakuruhusu?"

"Baba," alisema Sodnom.

Beleshi lilimpiga begani, likampiga mgongoni, likampiga tena alipokuwa anainuka. Damdin alipanda lori, akalitoa kinyumenyume huku likigonga nguzo, akaliacha uani. Sodnom akamfuata akitambaa.

"Kaka, niache angalau nimwage maji. Injini itapasuka. Nipe dakika."

Alipiga magoti chini ya rejeta, ndoo mkononi, maji yakimchuruzikia kwenye glovu. Nikapiga kelele, "Damdin, utamuua mwenzio!"

"Wewe mwanamke, kachungulie chungu chako!" Na alipomaliza kunitukana, aligeuka akampiga mdogo wake beleshi la kichwa. Sodnom alilala kifudifudi, ndoo ikammwagikia mikono yote. Damdin akamruka, akaingiza gari lake, akafunga mlango wa banda kwa ndani.

Nilikimbia hadi kwenye kibanda cha maji kuita wanaume. Walikuja na mtaimbo, lakini geti la chuma liliwachelewesha sana hadi tukang'oa mbao za ua wangu, na mbwa yule alimng'ata mmoja paja kabla hawajampiga. Tulipomfikia Sodnom alikuwa anapumua. Glovu zilikuwa zimegeuka barafu, na moja imeshikana na mshikio wa ndoo hata haikubanduka. Tukambeba na ndoo yake.

Luvsan, muuza maji, alipiga teke mlango wa banda hadi ukafunguliwa.

"Washa gari, tumpeleke hospitali!"

Damdin alimtazama ndugu yake, akasema, "Damu hiyo itachafua viti."

Luvsan alimpiga ngumi moja, Damdin akaketi chini, akanyang'anywa ufunguo.

Hospitalini walimkata Sodnom vidole vya mikono yote miwili, wakamwachia gumba tu. Polisi walipomuuliza nani aliyempiga, alisema aliteleza. Mimi ndiye niliyemtaja Damdin. Hata hivyo Damdin alikaa rumande kidogo tu, akarudi.

Bi Dulmaa alimkuta uani analifuta gari lake damu. Mama alimpita. Aliingia ndani, akatoka na shoka la kupasulia barafu, akaanza na kioo cha mbele. Kisha taa, kisha boneti, kisha milango, mwanamke wa umri ule, kilemba kimemdondoka, nywele nyeupe hewani.

"Mama! Mama, gari!"

"Gari gani? Nionyeshe wapi linatoa damu!"

Damdin aliponyoosha mkono kumzuia, shoka lilipita karibu na sikio lake. Alirudi nyuma hadi ukutani. Mama alipochoka aliketi juu ya vioo, akalia, "Mimi ndiye niliyemwambia apishe. Mimi."

Ikaja Tsagaan Sar, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ambapo kila mdogo humwendea mkubwa wake, akaitegemeza mikono yake kwa viganja na kumuuliza kama yu salama. Tulikuwa tumejaa nyumbani kwa Bi Dulmaa. Damdin alisimama, mikono mbele, hathubutu kuinua macho. Sodnom alimwendea. Viganja vilivyobaki na gumba tu vikakaa chini ya viwiko vya kaka yake.

"Kaka, u salama?"

Damdin alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Nijibu. Mdogo akisalimu hujibiwa."

Damdin akaanguka chini. Sodnom alingoja, kisha akarudisha mikono yake kifuani, akaenda kuketi karibu na mama.

Sasa lori ndilo linalolala bandani. Damdin ndiye anayelitoa alfajiri na kupeleka makaa, kwa sababu mwenye lori hawezi kushika usukani. Gari jeusi liko nje, viti vimejaa theluji. Mama bado hutoka na upawa wake. Lori likiondoka hayarushi maziwa. Anasimama tu hadi litakapopotea, kisha anayarudisha ndani, anamnywesha Sodnom kwa mkono wake.

FUNZO

Jirani zangu, baridi haina hila, inagandisha kilichoachwa nje. Sisi ndio tunaochagua nini kibaki nje. Ukiona ndugu anampiga ndugu, usingoje damu ndipo utafute mtaimbo. Na wewe mzazi, usimwambie anayeonewa apishe ili nyumba itulie. Gari hununuliwa jingine. Vidole vya Sodnom vilibaki hospitalini, na kaka yake hadi leo hajaweza kumjibu salamu.