Nukta ya Alhamisi

Ukumbi wa chini wa jengo la maduka ulikuwa umejaa watu wa mapumziko ya mchana, na wawili kati yao walikuwa wameinama kwenye chungu kimoja cha maua, kila mmoja upande wake.

"Umepoteza kitu, kaka?" aliuliza mwanamke. Alivaa gauni la buluu lenye vifungo vyeupe, na raba miguuni.

"Hapana. Wewe je, dada?"

"Hereni."

"Hereni zako zote mbili ziko masikioni."

Mwanamke akacheka mpaka akashika ukuta. Nyuma ya chungu kulikuwa na kikasha cha bati, na simu zao ndizo zilizowaleta hapo. Ndio mchezo wenyewe: mtu anaficha kikasha mjini, anaweka nukta kwenye ramani ya programu, wengine wanakisaka. Mwanamke alikuwa mfamasia wa duka la dawa la jirani. Mwanamume, ndani ya ovaroli ya kijivu, alikuwa fundi wa lifti.

"Mbona umezima data?" aliuliza mfamasia, akichungulia simu ya mwenzake.

"Ramani nimeipakua kazini kwa waifai. Kujua nilipo ni kazi ya setilaiti, hiyo hailipiwi. Kinachokula data ni ramani, picha, na programu zinazojisasisha kimyakimya."

"Bahili we!"

"Kifurushi chako kimebaki kiasi gani?"

"Kimeisha sasa hivi."

"Haya, cheka tena."

Jina la Bahili likamganda. Kila Jumamosi walisaka pamoja: chini ya ngazi, nyuma ya mabango, kwenye uzio wa uwanja wa mpira. Vikasha vilipoanza kwisha mjini, wote wawili walijifanya hawajui, wakaendelea kutembea.

Kisha mfamasia akapata kazi katika hospitali ya mji wa mbali. Fundi akamwomba waoane kabla hajaondoka.

"Nipe siku chache," alisema mfamasia. "Nimeficha kikasha changu mwenyewe darajani, juu ya reli. Jumamosi saa kumi njoo hapo. Ukinikuta, jibu ni ndiyo. Usiponikuta, tafadhali usinipigie. Sitaweza kukusikia ukiniuliza kwa nini."

Alhamisi fundi alipakua nukta ya kikasha hicho, akazima data kama kawaida yake. Ijumaa wapaka rangi wakazungushia ngazi za daraja utepe. Mfamasia akakihamishia kikasha bustani ya posta, akasogeza nukta kwenye programu, akaamini simu ya Bahili itamwambia. Haikumwambia. Programu ile alikuwa ameizuia isijisasishe mpaka aifungue kwenye waifai.

Jumamosi fundi alisimama kando ya utepe, shati limepigwa pasi, akinusa rangi mbichi. Mfamasia alikuwa mitaa miwili kutoka hapo, kwenye benchi, na gauni jipya. Fundi alikuwa mtu wa kuamini anachokiona, na alichokiona ni kwamba hayupo. Hakupiga simu. Alikuwa ameombwa asipige.

"Nimpigie?" mfamasia alimuuliza dada yake jioni ile, akifunga sanduku la safari.

"Mdogo wangu, mtu amekuposa, halafu hakuja kusikia jibu. Utampigia umwambie nini?"

Miezi ikapita. Fundi akawa anazunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya duka la dawa, na siku alizosahau, aliangalia dirishani hata hivyo. Huko mbali, mfamasia alifungua ramani kila Jumamosi asubuhi, akaitazama, akaifunga bila kutoka. Namba za simu hakuna aliyezifuta.

Siku moja, kazini, fundi aliifungua programu ile ili aifute. Kabla hajabonyeza, waifai ikaisasisha, na nukta ya darajani ikarukia bustani ya posta. Chini yake palionekana siku ilipohamishwa: Ijumaa ile. Akatoka hadi barabarani, mikono ingali na grisi, akapiga.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Ulihamisha kikasha."

"Miezi yote hii, unanipigia kuniambia hivyo?"

"Nilikuwa darajani. Nilifika kabla ya saa kumi. Ramani yangu ilikuwa ya Alhamisi."

Mfamasia akasema polepole: "Ulizima data."

"Nilizima."

"Mimi nilikuwa posta, Bahili. Nilikaa mpaka mlinzi akanifukuza afunge geti."

"Basi jibu la siku ile nimelijua. La leo silijui."

"Nimekukasirikia kwa muda mrefu, hata sijui hasira hii niiweke wapi sasa. Na siwezi kurudi. Nina mkataba."

"Sijakuomba urudi. Nimekuuliza kama bado unanitaka."

Mfamasia aligeukia ukuta, wagonjwa wasimwone uso. "Nakutaka. Njoo Jumamosi. Nitakuwa mlango mkubwa wa hospitali. Na ukinikosa piga simu, kichwa kigumu we! Piga mpaka nipokee!"

Akakata, akarudi kwenye dirisha la kutolea dawa. Mama mmoja alikuwa akingoja na chupa ya dawa ya mwanawe.

"Dada, ni mara ngapi kwa siku?"

Mfamasia akaisoma lebo aliyoiandika mwenyewe, akaisoma tena, na bado hakuona kilichoandikwa.

"Nisubiri kidogo, mama," alisema. "Kidogo tu."